Cheche Iliyocheleweshwa

Saa 11:00 alfajiri

Kifuniko cha birika kiligongagonga gizani. Hakuna aliyeinuka kuliepua. Umeme ulikatika Kihonda nzima, na katika chumba cha nyuma ya gereji Mwinjuma alimulika karatasi kwa simu.

Alieleza kwa mkato. Saa tatu na nusu mnunuzi wa madini pale mjini anafungua kasiki, mlinzi anakwenda kunywa chai. Mwinjuma anaingia na bastola, anatoka na mfuko wa vito. Evance anaendesha: barabara ya Iringa, Mzumbe, kisha kushoto, kupanda milima mpaka Mgeta. Hidaya, fundi, atakaa nyuma, maana gari lenyewe kongwe.

Hidaya aliuliza habari za mwanawe. Nasra, miaka minne, alikuwa Mgeta tangu Jumanne, kwa Zuleha, dada yake Mwinjuma. Bosi Mwinjuma alimwita mtoto huyo bima, ili mama asigeuke.

"Tukimaliza hii kuna ya Gairo," Mwinjuma alisema. "Mtoto atabaki kule mpaka uizoee kazi, Mama Nasra."

Moyoni Hidaya alikwisha kukata shauri.

Saa 12:20 asubuhi

Gari lilikuwa saluni nyeusi yenye turbo, iliyomzidi Hidaya umri. Aliipasha moto, akamulika alama ya puli kwa taa ya taimingi, ile ya kupimia wakati wa cheche. Ilikuwa sawasawa, cheche ikiwaka kwa wakati wake. Akalegeza distributa, kile kigawa cheche, kwa spana namba kumi na mbili, akaizungusha kidogo. Cheche ikachelewa. Injini ikazubaa, ikataka kuzima. Akachukua bisibisi, akapandisha sailensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, mpaka likatulia kama cherehani.

Mwinjuma alitega sikio. Kama wengi mtaani, gari alilipima kwa sailensa. Likitulia, ni zima.

"Fundi ni wewe," alisema.

Evance alimtazama Hidaya kidogo.

Saa 3:34 asubuhi

Dakika nne. Mwinjuma alitoka na mfuko, bila kufyatua risasi. Barabara tambarare ilibeba uongo wa Hidaya vizuri. Evance alikanyaga mafuta, gari likaitika kivivu. Alilisikia. Miguu yake ilijua magari. Akabadili gia, akaendelea.

Saa 4:25 asubuhi

Mlima ukasema. Kona ya tatu ya mwinuko mkali, gari likakohoa, sindano ya joto ikapanda, mvuke ukafunika kioo. Likagoma. Wanawake wenye matenga ya kabichi walipita wakitazama pembeni. King'ora kilisikika chini bondeni, mbali bado.

Bastola iligusa sikio la Hidaya.

"Limekuwaje?"

"Cheche nimeichelewesha mimi. Nikiligusa, dakika mbili linapanda. Mpigie Zuleha amlete mwanangu hapa."

"Nitakumwaga ubongo."

"Halafu ulisukume mwenyewe, kaka Mwinjuma."

Evance alichomoa ufunguo, akaufumbata.

"Mpigie, bosi," alisema. "Mtoto si wa kuwekwa rehani. Tangu asubuhi nilijua gari zito, nikakaa kimya kwa sababu hiyo."

Mwinjuma alimtazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake. Kisha akapiga simu. Kutoka nyumba za juu, mwanzo wa Mgeta, Zuleha alishuka mbiombio kwa njia ya miguu, Nasra mgongoni. Alimkabidhi Hidaya mtoto bila kumtazama kaka yake.

Hidaya alimkumbatia. Akanusa nywele zake, moshi na mafuta ya nazi. King'ora sasa kilikuwa kona ya pili.

"Haya, tengeneza," Mwinjuma alifoka.

Hidaya alitoa spana mfukoni. Akaitupa korongoni. Iligonga mawe mara mbili, ikapotea.

"Mimi si fundi wako tena."

Mwinjuma aliinua bastola. Evance alimrukia mkono, risasi ikaenda angani, wote wawili wakabingirika vumbini. Bastola ikateleza chini ya gari. Polisi wakawakuta hapo, wamekabana.

Hidaya angeweza kukimbia. Njia za milima ile alizijua tangu utotoni. Alisimama katikati ya barabara, mkono mmoja juu, wa pili umembeba mtoto.

"Gari hili nimelitengeneza mimi," aliwaambia polisi kabla hawajamuuliza. "Na nimeliharibu mimi. Andikeni vyote viwili."

Askari mmoja alimwangalia, akamgeukia mtoto, akanyoosha mikono ampokee. Alimuuliza taratibu huyu aliyembeba ni nani.

Nasra alishika kola ya ovaroli yenye grisi.

"Huyu ni mama yangu."