Hadithi za Mtoto wa Maige

"Wifi, tafadhali usikate simu. Hunijui, lakini mimi nakujua."

Rebeka alikuwa ameshika msuko wa tatu kichwani kwa Moza, simu ameibana kati ya sikio na bega. Neno wifi likamchekesha.

"Umekosea namba, dada. Mimi sina kaka. Kwetu tumezaliwa wasichana watupu."

"Sijakosea. Si wewe Dada Rebeka wa Mirongo, msusi? Unayemchagulia Ng'washi vitabu vya kusikiliza?"

Mkono wa Rebeka ukasimama.

"Ng'washi mtoto wa Maige? Aliyevunjika mguu?"

"Maige tena?" Mwanamke akashangaa. "Maige ni rafiki yao tu. Ng'washi ni mtoto wa kaka yako, wifi. Mtoto wa Yeremia. Mimi ni Sabina, mama yake, wa huku Usagara."

Sasa nikuweke sawa mapema. Yeremia ni mume wa Rebeka. Mume wa ndoa, wa kanisani, mwaka wa tisa huu. Kazi yake kuuza dawa za mifugo: siku nne yuko Mwanza, siku tatu anazunguka minada ya Misungwi. Mtoto hawakujaliwa. Rebeka alipanda vilima vya hospitali mpaka viatu vikaisha soli, na kila aliporudi akilia mume alimwambia, "Tutazeeka wawili, mke wangu. Kuna ubaya gani?" Naye akaamini.

Miezi minne nyuma Yeremia alikuja na ombi. "Mtoto wa Maige kavunjika mguu, yuko kitandani na plasta, anachoka. Wewe ndiye fundi wa kuchagua. Mtafutie vya kumchangamsha."

Na ufundi huo hakusingiziwa. Kwa Rebeka mtu hasuki tu, anasikiliza pia. Ukija kusuka rasta ndogo ndogo, anakuwekea kitabu cha saa sita. Ukija na haraka zako unawahi kilioni, unapewa hadithi fupi ya nusu saa. Anayesuka kwa ajili ya harusi hapewi kitabu cha majonzi. Na kitabu chochote anakipima kwa dakika tano za mwanzo: msomaji akisoma kama anatangaza vifo redioni, anamtupa hata kama hadithi ni tamu. Akisikia fisi ana sauti yake na bibi kizee ana yake, huyo anamchukua.

Kwa mtoto wa Maige alizidisha. Alitafuta vya robo saa robo saa, vya wanyama wabishi na safari za ajabu, na kila kimoja alikisikiliza chote kwanza asije akamtumia mtoto wa watu kitu cha kumtisha. Akishatuma, anaongeza ujumbe wa sauti: "Hiki sikiliza ukiwa umelala chali, mama, usicheke sana mguu ukauma." Yeremia anapokea, anapeleka. Kumbe alikuwa anapeleka kwake.

"Wifi, upo?"

"Nipo."

"Namba yako nimeiiba, nisamehe. Amekuandika Dada Mirongo. Anasema una kazi nyingi, huwezi kuja Jumamosi. Nikaona nikuombe mwenyewe. Analeta mahari, wifi. Ukoo wangu wote nimeuita. Naye hana mtu, wazazi wote wamekufa, amebaki na wewe tu. Utakubali kaka yako asimame kama yatima?"

Mama yake Yeremia yuko Magu, analima pamba. Jumapili tu alipiga simu kuomba vitenge.

"Subiri kidogo, kuna mtu ananivuta nguo," Sabina akasema. Sauti nyembamba ikaingia.

"Shangazi, shikamoo."

Rebeka akaachia nywele za Moza. "Marahaba, mama."

"Hadithi zimeisha. Baba akichagua yeye sizipendi. Watu wake wanasoma kama wana usingizi. Chagua wewe."

"Nitakuchagulia."

Simu ilipokatika, Moza aligeuka kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Alikuwa amesikia yote, maana simu ya Rebeka inapiga kelele hata bila spika.

"Shoga, mpigie sasa hivi umwambie huyo mwanamke ukweli!"

"Hapana. Nataka Yeremia aseme. Akisema kwa mdomo wake kabla ya Jumamosi, nitasamehe. Haki ya Mungu, Moza, hata mtoto nitamlea."

"Na asiposema?"

"Nitakwenda kwenye mahari."

"Na yule Sabina? Ana kosa gani?"

"Inamisha kichwa nimalizie."

*

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Yeremia alirudi saa kumi na mbili jioni na sato wawili wabichi. Rebeka akawakaanga, akasonga ugali, akamnawisha mikono.

"Mtoto wa Maige anaendeleaje?"

"Mzima. Plasta wameshatoa, anachechemea kidogo tu. Hadithi zimemwishia, mtafutie nyingine."

"Anafanana na nani?"

Tonge likasita. "Nani?"

"Huyo mtoto."

"Aah... Maige. Pua ile ile."

"Yeremia, kama una neno la kuniambia, niambie leo. Lolote lile. Mimi si mwanamke wa kuvunja vyombo."

"Neno gani tena? Mama, umeanza mitihani yako. Kula samaki, anapoa."

"Jumamosi utakuwepo nyumbani?"

"Jumamosi mnada, Misungwi. Nitalala huko huko."

Alisema hivyo huku anafyonza kichwa cha samaki, mfupa kwa mfupa, wala hakupaliwa. Rebeka aliondoa vyombo, akaenda kukaa barazani na simu yake. Utadhani alikwenda kulia. Alikwenda kuchagua. Alisikiliza hadithi saba, akatupa nne, akabakiza tatu. Moja ilikuwa ya kobe aliyegoma kuhama ziwani, na mahali kobe alipomjibu kiboko, mtoto wa mume wake angecheka. Alilijua hilo na likamuuma kuliko uongo wote wa mezani.

Ijumaa Yeremia akaaga. Mchana Rebeka akamwandikia: "Safari njema mume wangu. Kama kuna jambo, bado kuna muda."

Jibu likaja: "Jambo ni moja tu, nakupenda. Usisahau hadithi za mtoto."

Rebeka akaisoma mara mbili, akamtumia zile hadithi tatu. Kisha akafungua namba ya Sabina: "Wifi, nitakuja."

"Mungu akubariki wifi!! Hapa Ng'washi anaruka na mguu wake mbovu."

*

Kutoka njia panda ya Usagara mpaka kwa Mzee Mashimba, baba yake Sabina, ni mwendo mfupi. Turubai lilikuwa limeshafungwa, masufuria yako jikoni, ng'ombe wa mahari wamefungwa kwenye uzio wa minyaa. Wametangulia kufika kuliko bwana harusi. Rebeka alivaa gauni lake la ibada. Kwenye mkoba aliweka bahasha moja.

Alikuwa amejiandaa kumchukia Sabina, na kazi hiyo ikamshinda pale pale mlangoni. Mwanamke alitoka jikoni mikono imejaa unga, akamkumbatia kwa viwiko asimchafue.

"Wifi yangu! Kumbe u mwembamba hivi, na sauti ile nzito!"

Nyuma yake akachechemea mtoto wa miaka mitano, masikio ya Yeremia kama yamekatwa na kubandikwa.

"Wewe ndiye shangazi wa hadithi?"

"Ndiye mimi."

"Ya kobe nimeirudia mara tatu. Tuna nyingine?"

Wakakaa mkekani. Mtoto akajitupa mapajani kwake bila kuombwa, akaanza kumweleza ni msomaji yupi anaiweza na yupi anaghushi sauti ya simba. Miaka tisa Rebeka aliomba uzito ule mapajani. Sabina aliwaangalia, akasema kwa furaha, "Damu ni damu tu," akarudi jikoni. Hapo Rebeka angeweza kumfuata, kufunga mlango wa jiko na kumwambia kimya kimya. Muda ulikuwepo. Hakunyanyuka.

Yeremia akaingia na suti, nyuma yake Maige na wazee wawili wa kukodi. Maige ndiye aliyemwona kwanza. Akarudi hatua mbili kama aliyesahau kitu njiani. Yeremia akafuata macho ya rafiki yake, akamkuta mkewe mkekani, amempakata mwanawe.

Mzee Mashimba, mzee wa kanisa, mtu mtaratibu, hakuona kitu.

"Karibuni, karibuni. Mkwe, tuliambiwa dada yako hapatikani. Leo Mungu amemleta. Ndiye huyu?"

Rebeka akamtazama mume wake usoni. Moyoni alikuwa anamsihi. Sema. Sema huyu ni mke wangu, tuaibike wote wawili, twende nyumbani tukalie huko. Nitakuchukua hivyo hivyo.

Yeremia akamgeukia mzee.

"Ndiye, mzee. Dada yangu, Rebeka."

Alimkana mbele ya macho yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyotaja bei ya dawa ya kupe. Kilichokuwa kimebaki cha ndoa ya miaka tisa kikaisha hapo, na Rebeka alikisikia kinaisha.

"Vizuri," mzee akasema. "Hapa kwangu, kijana akiwa hana mama, dada mtu ndiye anasimama. Simama, binti yangu, utuambie. Ninyi mnampokea Sabina kwa moyo mmoja?"

Rebeka akamshusha mtoto taratibu, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mimi siwezi kumpokea. Mimi ni mke wa Yeremia. Tumefunga ndoa kanisani, mwaka wa tisa huu. Na mama yake hajafa, yuko Magu."

Akatoa bahasha. Mzee hakuwa na miwani. Akampa cheti Obedi, kaka mkubwa wa Sabina. Obedi akakisoma kwa sauti, tarehe, jina la kanisa, bwana harusi, bibi harusi, akaendelea mpaka chini kwenye mashahidi. Akainua macho.

"Shahidi, Maige. Si wewe huyu uliyekuja kutuposea?"

Maige aliangalia viatu vyake. Wale wazee wa kukodi walianza kujisogeza kuelekea njiani.

"Mzee, naomba nieleze..." Yeremia akaanza.

"Eleza nini? Ng'ombe wako wale pale. Fungua, ondoka nao."

"Rebeka, kwa nini umenifanyia hivi? Mbele za watu?"

"Nilikuuliza Jumatano. Ijumaa nikakuandikia. Na sasa hivi umeulizwa na mzee. Yeremia, mara tatu!"

"Nilitaka mtoto! Nilitaka mtoto tu, basi! Ningefanyaje?"

Mtoto tu. Sabina alikuwa amesimama mlango wa jiko, mwiko mkononi, akalisikia neno hilo lote. Hakumtazama Yeremia hata kidogo. Alikuja mpaka alipokuwa Rebeka.

"Ulijua lini?"

"Jumatano. Uliponipigia."

"Jumatano." Sabina akatikisa kichwa. "Nikakuambia nimeita ukoo wangu wote. Ukaniandikia, wifi, nitakuja."

"Nilitaka aseme yeye mwenyewe. Ningekuambia, angepata habari, angebuni uongo mwingine."

"Kwa hiyo mimi nikawa chambo chako."

"Sabina..."

"Baba yangu ni mzee wa kanisa. Kesho atapitaje mbele za watu? Hadithi za mwanangu ulikuwa unazisikiliza zote kwanza, uliniambia mwenyewe pale mlangoni, isije ikawa na kipande cha kumtisha. Mtoto usiyemjua ukamwonea huruma hivyo. Mimi niliyekupigia simu nikakuomba, hukunihurumia hata kwa meseji moja?"

Njiani kote kutoka Mirongo Rebeka alikuwa amepanga maneno ya Yeremia, ya Maige, hata ya mzee. Ya mwanamke huyu hakuyapanga.

"Shangazi, unaondoka?" Ng'washi akauliza. Alikuwa analia kwa sababu wakubwa wanalia.

Watu wote walimsikia mtoto. Rebeka akachukua mkoba, akatembea mpaka barabarani.

*

Wiki tatu zimepita. Nguo za Yeremia ziko kwa Maige, wafarijiane. Wazee wa kanisa walikuja Mirongo kusuluhisha, wakamleta amenyoa, mnyonge, ananukia sabuni. Rebeka aliwapa chai, akamuuliza swali moja tu mbele yao: "Mzee alipokuuliza mimi ni nani, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kumpoteza mtoto."

"Na mimi hukuogopa kunipoteza."

Wazee wakamaliza chai, wakaondoka naye.

Saluni inaendelea. Wateja wanasuka, Moza anakuja kila Ijumaa, lakini siku hizi Rebeka anawaambia wachague wenyewe. Anasema sikio limechoka. Uongo. Kila akijaribu kitabu kipya, kabla dakika tano hazijaisha anajikuta anapima kama mtoto angecheka.

Jumanne iliyopita akashindwa. Akamwandikia Sabina: "Nilikukosea. Ya Yeremia ni yake, lakini ile siku niliichagua mimi, na ningeweza kukuepusha na aibu nikaacha kwa sababu ya hasira zangu. Nisamehe. Nimempatia Ng'washi hadithi mpya tano, nzuri. Niruhusu nimtumie, hata bila jina langu."

Alama mbili zikageuka bluu asubuhi ile ile. Jibu lilikuja Alhamisi, anaosha nywele za mteja, mikono ina povu. Akafuta kidole kimoja kwenye gauni, akafungua.

"Nimekusamehe, maana na mimi ninaomba kusamehewa mengi. Hadithi usitume. Ng'washi anauliza kila siku shangazi yuko wapi. Nimemwambia baba yake hajawahi kuwa na dada."