Kefa Arudi Shambani

Siku zile mjinga alikuwa Silvano, na mwenyewe hakatai. Mdogo wake Kefa alirudi nyumbani Makutupora baada ya miaka minne gerezani. Silvano akampokea kwa kuficha viberiti vyote vya nyumba. Alivitia mifukoni, akawa anatembea huku vinalia kama njuga. Mkewe Paskazia akitaka kuwasha moto, sharti amfuate kwenye mizabibu.

Alikuwa na sababu. Kiwanda cha Kefa kilipouzwa, Kefa alipunguzwa kazi. Alizurura mwaka mzima. Kisha akaingia kundi la mhubiri mmoja aliyesema zahanati na shule ni kazi za shetani. Mwishowe walichoma zahanati. Nesi Angelina aliungua mkono akimtoa mgonjwa, na Kefa akafungwa.

Kwa hiyo Kefa alitengewa chakula peke yake, nyuma ya ghala. Msimu wa kupogoa mizabibu ukafika. Majirani husaidiana shamba kwa shamba, kisha hula ugali na mlenda pamoja, sinia moja. Kefa aliambiwa abaki achunge kuku.

"Kuku wenyewe watatu," Paskazia alimtania mumewe, "na mmoja kipofu."

Wiki ya pili, mtu wa lile kundi alionekana njiani akizungumza na Kefa. Jioni Paskazia akakuta nguo za shemeji yake zimefungwa kwenye mfuko, tayari kwa safari.

Kesho yake alifika Joha, binti mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa akifanya utafiti juu ya watu waliotoka katika makundi ya namna hiyo. Aliamkia, akaketi, akamsikiliza Silvano akisifu ulinzi wake. Hakucheka, ingawa viberiti vililia. Alieleza kwamba wengi aliowahoji hawakuvutwa kwanza na mahubiri. Walivutwa na watu waliowaita kwa jina, wakala nao, wakawapa kazi.

"Baba," alisema, "lile kundi linamwambia nyumbani hana nafasi. Wewe unalisaidia."

Silvano alijikuna kichwa. "Sasa nimwamini tu, binti?"

"Mpe kazi, uone anavyoifanya. Kula naye. Mwulize mambo yake bila kumsuta. Akitaka kuomba radhi, nesi aulizwe kwanza, wala asilazimishwe kusamehe. Na yule mtu wa njiani, mwambie mtendaji wa kijiji. Usipambane naye mwenyewe."

Usiku huohuo Silvano alikula na mdogo wake. Walizungumza hadi mlenda ukapoa. Kefa akakiri kwamba alitaka kuondoka, na kwamba ule mkono wa nesi haumtoki akilini.

Angelina alipoulizwa, alikubali aje, ila hakuahidi kusamehe. Kefa aliomba radhi. Nesi akamwambia zahanati mpya haina mabenchi. Jumamosi tatu Kefa akapiga randa na misumari. Ule mfuko ulifunguliwa. Yule mtu aliporudi, Kefa alimjibu kwamba ana zamu ya kupogoa, na mtendaji, aliyekwisha kuarifiwa na Silvano, akamhoji mgeni huyo kuhusu safari zake.

Zamu ya shamba la Silvano ikafika. Mbele ya wote alimkabidhi Kefa mkasi wa kupogolea. Walifanya kazi hadi jua la mchana, sinia likaletwa. Jirani yao Matonya akasimama kando.

"Mimi sili na mtu aliyechoma zahanati," alisema. "Leo mmempa mkasi, kesho mtampa nini?"

Angelina, aliyekuja kusaidia, alikuwa ameshakunja mkono wa gauni. Kovu lilionekana hadi kwenye kiwiko. Alinawa taratibu, akaketi karibu na Kefa.

"Mkono ulioungua ni huu, Matonya, na unakula naye. Wako uliungulia wapi?"