Mlango wa Chumba cha Kapteni

"Meli za aina ya Mwaminifu hazitekwi," alisema mchumba wangu, amesimama katikati ya sebule yake na karatasi mkononi kama hakimu anayesoma hukumu. "Urefu mita mia tatu. Ngao mbili. Mizinga sita. Inahama kundi moja la nyota hadi jingine kabla chai haijapoa."

"Na mlango wa chumbani kwako utatengenezwa lini?" nikamuuliza.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku za kazi ni wakala wa bima. Jumamosi mchana anageuka Kamanda. Watu wazima wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja kajipa cheo na sayari ya kuzaliwa, wanarusha dadu kujua nani kapona na nani kafa angani. Kamanda ndiye anayewabunia maadui, vita na meli. Mimi ni mfamasia. Nilikuwa nakaa kwenye kochi la pembeni na karanga zangu, nikiwadharau kimyakimya, na siku nyingine kimya kilinishinda.

Lakini nilimpenda. Naona haya kuandika hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa. Harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Chumba changu cha kupanga nilishakitolea notisi, na nusu ya nguo zangu zilishahamia kwenye kabati lake.

"Hii nimeibuni kwa ajili yako, mpenzi," akasema. "Ndiyo maana nikaiita Mwaminifu."

"Asante. Wenzangu hupewa hereni."

Akatandaza ramani ya meli mezani. Nikasogea kuchungulia.

"Mbona hii ni nyumba yako?" nikasema. "Sebule umeiita Ukumbi wa Uongozaji. Jiko ndiyo Chumba cha Injini. Na hiki choo kimekuwa Maabara?"

"Nimeitumia kama kielelezo tu."

"Kaka, hata kapeti la mama limeingia vitani," akasema dada yake, wifi yangu mtarajiwa, ambaye mchezoni ni mganga wa kikosi.

"Tuendelee," akasema daktari wa meno, ambaye huko angani ni jambazi mwenye macho matatu. Mtu huyo hung'oa watu meno wiki nzima na bado hajaridhika.

Mchezaji wa mwisho alikuwa Kimulimuli, msichana wa ofisini kwa Kamanda. Alijipa cheo cha mvunja kufuli. Naye alikuwa ananiita wifi, eti Kamanda ni kaka yake wa kazini. Kila akija hapo alisifia viatu vyangu, na kila akisifia nilijisikia vibaya kwa kutompenda.

"Sikilizeni," Kamanda akakohoa, akaishusha sauti. "Maadui wamepanda melini. Kapteni kazimia chumbani kwake. Mlango umegoma. Mvunja kufuli, unafanyaje?"

Kimulimuli alifumba macho. Huwa anafumba akitaka kuigiza vizuri.

"Sihangaiki na kufuli," akasema. "Nakiinua kitasa juu. Nauvuta mlango kwangu kidogo, halafu nausukuma kwa nyonga, hapa chini, siyo kwa bega. Unafunguka."

"Rusha dadu," akasema daktari wa meno.

Hakuna aliyerusha. Kamanda alikuwa anaitazama ramani kana kwamba ataingia ndani yake.

Mlango wa chumba chake ulivimba kwa mvua za mwezi ule. Ukitaka kuingia lazima uinue kitasa, uvute, kisha usukume kwa nyonga. Jumapili iliyopita alinifundisha yeye mwenyewe, akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Huu mlango tunaujua mimi na wewe tu."

"Rudia," nikamwambia Kimulimuli.

"Nirudie nini, wifi?"

"Ulivyofungua."

"Ni mchezo tu jamani. Nimebuni."

"Umebuni mpaka nyonga?"

"Mpenzi," Kamanda akadakia, "milango mingi hufunguka hivyo."

"Nitajie mmoja."

Akamgeukia daktari wa meno amsaidie.

"Wa kwangu unafunguka kawaida tu," akasema daktari.

Dada yake Kamanda akainuka, akaingia koridoni. Tukasikia kitasa kikitikiswa, bega likigonga ubao mara kadhaa. Akarudi anahema.

"Mimi nimezaliwa naye tumbo moja na umenishinda," akasema. "Haya, Kimulimuli. Nenda wewe."

Kimulimuli hakunitazama mimi wala huyo dada. Alimtazama Kamanda, akisubiri aambiwe la kufanya. Hapo ndipo nilipojua. Mlango mtu anaweza kuubahatisha, lakini kumtazama mwanaume namna ile hakubahatishwi.

Kabla Kamanda hajasema kitu, simu ya Kimulimuli ikawaka pale mezani, juu ya Chumba cha Injini. Dada yake Kamanda akainama akasoma kwa sauti:

"Sema ulikuja kusaidia kubeba kabati."

Mtumaji alikuwa Kamanda. Mkono wake bado ulikuwa chini ya meza. Mtu aliyewabunia majeshi ya anga lugha ya siri yenye alfabeti yake, siku ya shida yake mwenyewe akashindwa kuangalia simu ya mwenzake iko wapi.

"Kabati gani?" akauliza dada yake. "Kabati umejengewa ukutani."

Daktari wa meno akaanza kukusanya dadu zake taratibu, moja moja, akizitia kwenye kimfuko.

"Lilikuwa kosa la mara moja," Kamanda akaniambia.

"Kwa ustadi ule wa nyonga? Ule ni wa mazoezi."

Kimulimuli akaanza kulia. Nikamwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka viatu vyangu alivyovisifia, huruma ikaniisha.

Niliingia koridoni. Sikuinua kitasa. Niliupiga teke, ubao ukapasuka pembeni, nikaingia kuchukua nguo zangu. Kamanda akasimama mlangoni akinitazama nikijaza begi.

"Nitaibadilisha jina," akasema.

"Nini?"

"Ile meli. Kama jina ndilo limekuudhi."

Nikamtazama vizuri usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Pisha," nikamwambia.

Dada yake alinibebea begi dogo. Nikiwa kwenye ngazi nikampigia mama.

"Mama, harusi haipo."

"Amekufa?"

"Hapana. Mzima kabisa. Kavaa na soksi."

Nilijua mama anaangalia kitenge cha harusi kilichotoka kwa fundi juzi.

"Basi njoo nyumbani," akasema. "Kama hajafa, hakuna wa kumlilia."

Nikamwambia nakuja. Halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia, kwa sababu nilikuwa nimempenda, na yule ambaye hatakuwa wifi yangu tena akakaa pembeni yangu na begi mapajani.