Shanga Nyekundu za Kitabu cha Tatu

— Cha pili ni kibovu, nilimwambia Mfaume kupitia dirisha. Cha tatu ndicho kizuri, na ndicho kilichonikasirisha.

Alisimama uchochoroni na kofia mpya, mchumba wangu, mwandishi wa vitabu vya upelelezi ambavyo Kivinje nzima, enzi hizo za Mwingereza, ilivisoma mpaka vikachanika. Mimi nilikuwa ndani, nasubiri harusi yetu ya Ijumaa. Alikuja kutaka sifa.

Nikampa. Nikamwambia cha kwanza kilininyima usingizi, ila cha pili muuaji nilimjua kabla chai haijapoa. Akanuna. Nikamwambia cha tatu hakina mfano, hasa pale inspekta anapoingia chumba cha marehemu. Mjane anaapa usiku ule alikuwa na mumewe kama mke na mume. Inspekta anaona shanga nyekundu zimetundikwa kitandani, anajua mjane anadanganya.

— Hapo kila mtu amepasifu, akasema, anachekelea.

— Wanawake wamenyamaza. Zile shanga maana yake nini?

— Kwamba mke yuko katika siku zake.

— Nani kakufundisha?

— Nimesikia barazani.

Hasira zikanipanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa na kungwi juzi tu, mlango umefungwa, nikaapishwa. Mwanamume hulijua jambo hilo kwa mkewe, na barazani halitamki. Dada zake wangekufa kwa aibu kabla ya kumwambia.

— Una mke, nikasema.

— Nani kakwambia?

— Wewe. Umepiga chapa kabisa.

Akaangalia chini. Kisha likamtoka: anaitwa Kijakazi, yuko Mtama, alimwoa alipokuwa karani kule. Alikusudia kuniambia baada ya harusi.

— Ungesema mapema ningechagua mwenyewe. Umemwapia baba yangu kwamba huna mtu. Nenda zako, Mfaume. Harusi hakuna.

Hakuondoka. Jasho lilimtiririka, nikadhani ataniomba radhi.

— Kwani cha pili kina ubaya gani hasa? akauliza.

Ningekuwa na kinu karibu ningemrushia.

— Cha pili uliandika usiyoyajua. Cha tatu umeandika unayoyajua, ndiyo maana kimekuumbua.

Nikafunga dirisha, nikamtuma kungwi akamweleze baba. Ijumaa ngoma haikupigwa.

Kitabu sikumrudishia. Nilikisoma tena huku nalia, na kilikuwa bado kizuri.