Machibya Achagua Masta Silinda

Kila asubuhi kijijini Kimali, Machibya akiwasha pikapu yake, kuku hukimbia, mbwa hubweka, na mkewe Ng'washi hutoka jikoni kupakia madumu. Pikapu ilikuwa kuukuu, lakini Machibya aliipenda kupita kiasi. Ukiisema vibaya, ananuna siku mbili.

Jumatano hiyo alikuwa anarudi kutoka kisimani. Alipofika nyumbani akakanyaga breki. Pedali ikazama taratibu mpaka chini, na gari likaendelea kwenda. Likavunja uzio wa miiba wa zizi. Ng'ombe wakatawanyika.

"Baba Mihayo!" Ng'washi alipiga kelele. "Unataka kutuua?"

"Imeteleza kidogo tu."

"Kidogo? Basi Jumapili mimi sipandi. Na Kabula hapandi!"

Machibya alinyong'onyea. Jumapili mjukuu wao Kabula alikuwa anapata kipaimara mjini Bariadi. Machibya alishajitapa kwa ukoo mzima kwamba atampeleka mwenyewe, kwa gari lake.

Akamwita fundi Josia. Josia alikagua magurudumu yote manne. Hakuona mafuta yanayovuja. Kisha akakanyaga pedali na kuishikilia. Ikazama.

"Mzee, masta silinda ya breki imekufa," alisema Josia. "Hiki ndicho kifaa kinachosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Raba zake za ndani zimeisha. Ukikanyaga, mafuta yanarudi nyuma."

Akakifungua kifaa chenyewe, akamkabidhi. "Nenda nacho dukani. Chukua na kadi ya gari. Usinunue bila kulinganisha."

"Nimekusikia," alisema Machibya. Kusikia, kweli alisikia. Kufuata ni jambo jingine.

Kesho yake alipanda basi la asubuhi mpaka Bariadi. Kwenye duka la spea alimkuta muuzaji, dada mmoja aitwaye Goodness.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka gete, ng'wanawane. Nataka masta silinda ya pikapu, mwanangu."

Goodness alipanga tatu juu ya kaunta. "Pikapu za aina yako hazilingani, baba. Inategemea gari limetengenezwa mwaka gani. Nionyeshe..."

Machibya wala hakumsikiliza. Miaka thelathini amenunua madume mnadani, afundishwe kuchagua leo? Akanyanyua moja moja. Akazipima uzito mkononi. Akazipapasa ubavuni. Mwisho akaishika iliyo nene kuliko zote.

"Nipe hili dume."

Goodness alicheka mpaka akashika kaunta. "Jamani baba! Umeikagua kama ng'ombe. Bado meno tu!"

"Kubwa ndiyo yenye nguvu."

"Haya. Ng'ombe wako unawachoma sindano mwenyewe?"

"Mwenyewe. Tena vizuri."

"Bomba nene la sindano na bomba jembamba, lipi linachosha dole gumba?"

Machibya alifikiri. "Jembamba ni jepesi, dawa inaruka. Lile nene unasukuma mpaka dole linauma."

"Basi masta silinda ni kama bomba la sindano. Mguu wako ndio dole gumba. Ukifunga yenye tundu pana kuliko inayotakiwa, pedali inakuwa ngumu. Breki hazishiki vizuri mpaka ukanyage kwa nguvu zako zote."

"Kumbe! Basi nipe hii nyembamba."

"Taratibu, baba! Nyembamba mno inasukuma mafuta kidogo. Pedali itashuka sana ndipo breki zishike. Gari lako linataka kipimo chake kilekile."

Machibya aliirudisha ile nyembamba juu ya kaunta. Angeifunga ile nene, angempakia Kabula, na angejisifu njia nzima! Alijionea aibu. Akafungua kiroba, akatoa masta silinda ya zamani na kadi ya gari.

Goodness alisoma namba ya chesisi kwenye kadi, akaitafuta kwenye simu yake apate kipimo cha gari hilo. Kisha akaifuta ile ya zamani kwa kitambaa, akamwonyesha namba iliyo ubavuni.

"Hiki ndicho kipimo cha tundu la ndani. Tafuta namba hii kwenye mpya."

Ilikuwa kwenye ile ya katikati. Goodness akaziweka sambamba, ya zamani na mpya. "Sasa linganisha mwenyewe. Matundu ya bolti yako sawa? Matundu ya paipu ni mangapi, na yako upande gani? Urefu je?"

Machibya alihesabu kwa kidole, mara mbili. Kila kitu kililingana. Hapo ndipo alipolipa.

"Chukua na mafuta ya breki," alisema Goodness. "Chupa iwe haijafunguliwa, na aina iwe ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki la gari lako. Usiweke maji wala mafuta ya kupikia, yanaharibu breki. Na fundi atoe upepo wote kwenye paipu."

Ijumaa Josia alifunga masta silinda, akatoa upepo. Machibya akajaribu breki uwanjani, polepole, gari likiwa tupu. Pedali ilikuwa imara. Gari lilisimama kila mara. Alirudia mara kumi. Tano kati ya hizo zilikuwa za kujionyesha tu.

Jumapili Ng'washi alitoka amevaa vizuri. Akaingia upande wa dereva, akakanyaga pedali, akaishikilia huku akihesabu mpaka thelathini. Haikuzama. Akashuka, akazunguka upande wa pili.

"Sogea, Kabula," alisema. "Twende kanisani."

Karibu na Bariadi, kundi la mbuzi lilikatiza barabara ghafla. Machibya alikanyaga breki. Pikapu ikatulia palepale, bila kuyumba. Akamgeukia mkewe kwa tabasamu pana, akisubiri kusifiwa.

Ng'washi alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa begani kwa Kabula.

Machibya alisubiri mbuzi wapite, kisha akaondoa gari polepole asimwamshe.