Nilimkata Ombati Kwenye Picha

Nina miaka hamsini na minane. Nakaa Sosiot, nina shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili wa maziwa. Vijana wanaponipita barabarani wananisalimia kwa heshima, kwa sababu hawajui nilichofanya miaka ya tisini ikielekea kuisha. Wazazi wao wanajua... lakini wamenyamaza.

Wasomaji wenzangu, naandika haya kwa sababu mwanangu wa mwisho amemaliza chuo majuzi na anajitafutia kazi za kuchora kupitia simu yake. Aliniomba nimsaidie kupanga maneno ya kujitangaza. Niliweka kalamu chini nikatoka nje, hadi akadhani naugua. Ningemwambiaje kwamba maneno kama hayo, yaliyoandikwa na baba yake, yaliua mtu?

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nimesomea uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi, lakini ajira sikupata. Aliyenishika mkono ni Ombati.

Ombati alikuwa fundi wa mawe kutoka Kisii. Alikuja huku kwetu akiwa kijana, akaoa, akapanga nyumba pale Silibwet, na Kikipsigis alikiongea vizuri kuliko baadhi yetu. Kazi aliyoijua kuliko wote ilikuwa kujenga matangi ya mawe ya kuweka maji ya mvua. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne. Mimi nilichora, yeye akajenga. Nilimshikia upande wa pili wa utepe wa kupimia, nikaandika vipimo, basi. Hata siku moja sikuuliza kwa nini alichimba msingi hadi mwamba, au kwa nini alizungusha waya kila baada ya mstari wa mawe. Niliona ni mazoea yake tu.

Tulipomaliza tangi kubwa la Roret, mwenye tangi alifurahi akaita mpiga picha wa sokoni. Tulisimama mbele ya ukuta, Ombati na mwiko wake, mkono wake mwingine ukiwa begani mwangu. Kila mmoja alipata nakala. Ningejua!

Mwaka huohuo Bett alifungua ofisi Kericho mjini. Bett tulisoma naye sekondari. Alikuwa ametoka Nairobi na kompyuta, laini ya simu na mashine ya kuingiza picha ndani ya kompyuta. Alinieleza kuhusu intaneti, kwamba watu wetu walio Amerika na Uingereza wanafungua huko kila siku, wanatafuta mafundi wa kuwajengea wazazi wao nyumbani. Alisema atanitengenezea ukurasa, mtu akiupenda ataniandikia barua pepe kwa ofisi yake.

Nilimpelekea karatasi niliyokuwa nimeandika kwa uangalifu, pamoja na ile picha ya Roret. Nilisema mimi ni mchoraji, nafanya kazi pamoja na fundi wa mawe mwenye uzoefu wa miaka mingi. Bett aliisoma, akaiweka kando.

"Nani atakuita na hii?" aliniuliza. "Huko hakuna mtu anakujua, Rono. Wewe ni vile umeandika."

Maneno hayo yaliniingia kama pombe. Tuliketi pale tukaandika upya. Nikawa injinia. Nikawa na kampuni. Matangi kumi na moja ya Ombati yakawa yangu... yote kumi na moja! Kisha Bett akauliza yule mwingine kwenye picha ni nani.

Nilisema ni kibarua.

Nilichukua mkasi mezani nikamkata Ombati. Nilikata polepole, nikifuata bega lake. Mkono wake ulibaki begani kwangu, vidole vinne, kwa sababu ningeukata ningejikata na mimi. Bett alisema hakuna atakayeona.

Je, moyo haukunisuta? Ulinisuta. Lakini nilijiambia nitampa Ombati kazi zikija, na kwamba watu wa ng'ambo hawawezi kumwita mtu wa darasa la nne. Nilimfichia jambo lile wiki baada ya wiki.

Barua ya kwanza ilitoka Amerika. Mwandishi aliitwa Kirui, mzaliwa wa milima iliyo juu ya Silibwet, huko ng'ambo akifanya kazi ya uuguzi. Mama yake mzee alikuwa akishuka mtoni kuteka maji kila siku. Kirui aliandika kwamba ameona kazi yangu ya Roret na moyo wake umetulia. Alitaka tangi kubwa kama lile, na alitaka injinia mwenyewe alisimamie.

Nifanye nini? Nikimleta Ombati, atasikia naitwa injinia, atauliza. Niliamua kujenga mwenyewe! Nilikuwa na michoro yangu yote. Nikaajiri vibarua wawili wa kuchanganya simiti, nikaanza.

Mama yake Kirui aliitwa Taplelei, lakini kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na aliniita weri, kijana wangu, tangu siku ya kwanza. Kila saa nne aliniletea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akaketi juu ya jiwe kunitazama nikifanya kazi. Alikuwa ameuning'iniza ule ukurasa wangu ukutani jikoni. Mwanawe alikuwa ameuchapa kwenye karatasi akamtumia kwa posta. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba aliye kwenye picha ni mimi.

Boma lake lilikuwa kwenye mteremko. Ili kupata mahali tambarare, nilichimba upande wa juu nikajaza udongo upande wa chini, nikaushindilia kwa miguu. Nusu ya tangi ilikaa juu ya ardhi ngumu, nusu juu ya udongo wa kujaza. Chini yake, hatua chache tu, palikuwa na jiko la Kogo... Waya nilizungusha mara mbili tu. Nilikuwa na haraka, maana Kirui alikuwa akiulizia picha.

Mvua kubwa ilianza mwezi wa tatu. Kwa majuma matatu tangi likajaa. Ndipo nilipoona ufa upande wa chini, mwembamba kama unywele. Unajua nilifanya nini? Niliupaka simiti, nikapaka chokaa juu, nikapiga picha. Bett akaiweka kwenye ukurasa siku ileile. Barua tatu mpya zikaja.

Kogo aliniambia jambo moja juma hilo. "Weri, tangi yako inalia. Nikikaa jikoni nasikia."

Nilimwambia ni maji yanatulia. Nilicheka hata.

Sasa Ombati alikuwa akijenga ukuta wa kanisa, mwendo wa dakika chache kutoka kwa Kogo. Alipita pale akaomba maji ya kunywa. Kogo, kwa ukarimu wake, alimkaribisha jikoni akamwonyesha karatasi ya ukutani, kwa fahari, injinia wake. Ombati aliitazama kwa muda mrefu, ndivyo Kogo alivyonisimulia baadaye. Akaweka kidole juu ya vile vidole vinne. Alitoka nje, akalizunguka tangi, akapiga magoti akapapasa chini ya ukuta. Kisha akaja kunitafuta nyumbani kwangu Sosiot.

Nilipomwona mlangoni nilijua ameona. Nilitayarisha uongo wangu wote. Lakini hakuniuliza habari ya picha!

"Yafungulie maji, Rono," alisema. "Yatoke yote. Hayo mengine tutaongea baadaye."

Alinieleza kwamba udongo wa chini umelowa, kwamba ukuta umeanza kuinamia upande wa jiko. Aliongea kwa upole. Na mimi, kwa aibu, nilikasirika. Nilimwambia ana wivu kwa sababu kazi zinaniita mimi. Nilimwambia asikanyage tena boma la mteja wangu. Mke wangu alisikia yote akiwa chumbani. Ombati akavaa kofia yake, akaenda.

Siku ya pili nilikwenda kwa Kogo nikakuta mfereji wa tangi umefunguliwa, maji yanatiririka kwenye nyasi. Ombati alikuwa amepita asubuhi akaufungua, akamsihi Kogo asipikie pale kwa siku chache. Mfereji ule ulikuwa mdogo. Ningeuacha, tangi lingechukua siku mbili kuisha maji, labda tatu.

Wasomaji, niliufunga.

Niliufunga kwa mkono huu ninaoandikia. Nilimwambia Kogo kwamba yule fundi ana kijicho, asimsikilize. Yeye akasema sawa, weri, wewe ndiye unajua. Nilipokuwa naondoka alikuwa anapanga kuni.

Siku hiyo mchana mawingu yalishuka hadi kwenye majani chai. Mvua ilinyesha kwa kishindo, na barafu ikachanganyika nayo. Nilijikinga dukani Silibwet. Kama saa kumi nikasikia mlio, si wa radi. Ulikuwa mzito, mfupi, kama gunia la mahindi likianguka sakafuni. Watu walitazamana. Mimi peke yangu ndiye niliyejua ni nini, nami nikaanza kupanda mlima.

Nilipofika, palipokuwa na jiko palikuwa na mawe na matope. Ombati alikuwa katikati, amepiga magoti, anainua mawe yangu moja moja kwa mikono mitupu. Alikuwa amekimbia kutoka kanisani. Kucha zake zilikuwa zinatoka damu. Nilianza kuchimba kando yake. Hakunifukuza, hakunitazama.

Tulimpata Kogo akiwa amekumbatia sufuria. Alikuwa ameshakufa.

Kirui alikuja kumzika mama yake. Nilidhani atakuja na panga, nami nilikuwa tayari. Alikuja na karatasi. Ulikuwa ule ukurasa, umekunjwa mara nyingi, na alinieleza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akiuonyesha wauguzi wenzake, kwamba aliwaambia nyumbani kwetu kuna injinia. Wazee waliketi kwenye viti vya kanisa wakitusikiliza. Ombati alisimama nyuma kabisa.

"Nataka kitu kimoja tu," Kirui alisema. "Tangi la Roret ulijenga wewe?"

"Hapana."

"Na haya mengine?"

"Hakuna hata moja."

Aliikunja karatasi akairudisha mfukoni. Hakunigusa. Afadhali angenigusa!

Nilishtakiwa, nikakiri, nikafungwa miaka miwili. Mke wangu alibaki akichuma majani chai peke yake, akivumilia minong'ono kanisani. Ombati alihamisha familia yake akarudi Kisii kabla sijahukumiwa. Yale mengine aliyosema tutaongea baadaye, hatukuyaongea kamwe. Nilimwandikia barua nne kutoka gerezani. Hakujibu, na sina haki ya kumlaumu.

Nilipotoka nilikwenda Kericho moja kwa moja. Nilitaka kuufuta ukurasa. Bett alikuwa ameuza ofisi, ameenda Nairobi, na neno la siri la kuufungulia alikuwa nalo yeye. Msichana niliyemkuta hapo ofisini alifanikiwa kuufungua kuutazama tu. Nilikuwa bado pale, nikitabasamu, injinia, bega langu na vile vidole. Na kwenye barua pepe ya ofisi kulikuwa na barua zinanisubiri.

Moja ilitoka kwa kamati ya shule fulani kule Nandi. Walitaka tangi la wanafunzi. Niliwajibu kwamba sijui kujenga, kwamba fundi wa kweli anaitwa Ombati, nikawaelekeza wamtafute Kisii.

Walinijibu kwamba wamefurahi kuona mtu mnyenyekevu kiasi hicho. Wakauliza naweza kuanza lini.

Niliwaandikia tena, nikawaeleza kwamba kwenye picha ile nilimkata fundi mwenyewe. Wakajibu kwamba wanaelewa, mafundi wengi hushirikiana, na kazi yenyewe wameiona ni nzuri. Unaona? Walikuwa wananiamini yule wa kwenye ukurasa kuliko mimi mwenyewe! Mara ya tatu nilimwomba yule msichana aandike sentensi moja, naye aliacha kupiga herufi katikati akanigeukia. Nikamwambia amalizie kama nilivyosema: Tangi pekee nililojenga mimi lilimuua mama wa mtu.

Hawakuandika tena.

Mwanangu nilimweleza yote mwezi uliopita, tukiwa wawili tu. Kisha tuliandika tangazo lake pamoja. Lina mistari mitano. Limetaja kazi mbili alizofanya, jina la rafiki aliyemsaidia ya pili, na jambo moja ambalo bado hajui. Analalamika kwamba ni fupi, kwamba wenzake wana kurasa zinazong'aa. Nimemwambia aliache hivyo hivyo.

Na wewe unayejitafutia wateja huko, nakusihi. Njaa naijua, na najua vile inavyouma kuona wasiokuzidi wakiitwa wewe ukiachwa. Lakini usiazime kazi ya mwenzako, usijipe jina ambalo hujalifikia. Utakapobonyeza ile picha iende, utafikiri unajisifu tu kwa watu usiowajua, na kwamba maneno ni maneno. Yuko mmoja atakayeyasoma yote na kuyaamini. Na huyo naye ana mama.