Mashine ya Marehemu Harlan

Metro Hrinko aliacha kisanduku kikiwa na risasi kumi na moja, akapanda juu kunywa supu. Aliporudi, kisanduku kilikuwa kimejaa, zote ishirini zimesimama wima. Alizitazama kidogo, akacheka peke yake. Alikuwa na miaka sabini na moja, na mkewe Olga alikuwa amekwisha kumwambia mara nyingi kwamba kichwa chake siku hizi kinavuja kama paa la zizi. Akakifunga kisanduku, akakiandika jina la mteja wake, akakiweka rafuni pamoja na vingine.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, na kwetu Kettle Run, katika vilima vya magharibi mwa Pennsylvania, Novemba ni mwezi wa wanaume kusafisha bunduki. Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani msimu wa kulungu unafunguliwa, shule zinafungwa, na hata kiwandani wanabaki wasioweza kupanda mlima tu. Wengi wetu parokiani hatukununua risasi dukani. Tuliokota maganda yetu ya shaba yaliyokwisha kupigwa, tukampelekea Metro, naye akatujazia upya: fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi juu, kisha anashusha mkono wa mashine, na ganda linakuwa risasi tena.

Alikuwa amekereza chuma kiwandani miaka thelathini na minane. Alipostaafu akageukia mashine kuukuu za kujazia risasi. Watu walimletea zilizosahaulika bandani mpaka zimeliwa na kutu. Alizifungua kipande kwa kipande, akazilaza kwenye mafuta ya taa, akazisugua kwa brashi ya waya, akachonga pini mpya mahali pa ile iliyolika, akapaka grisi. Mwishoni alivuta mkono mara moja, macho amefumba, akisikiliza. Alikuwa akisema mashine nzima haipigi kelele, inashusha pumzi.

Mashine ya mwaka ule ilitoka kwa mjane aitwaye Verna Stahl, ng'ambo ya mlima. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kirungu cha mbao cha mkono wake kilikuwa kimelika mpaka kimeshika umbo la vidole vya mtu. Verna hakutaka chochote. Alimwambia aichukue tu, iondoke nyumbani kwake. Metro akaifufua kwa wiki tatu, na ikawa nyepesi na sahihi kuliko zote alizowahi kushika. Ndiyo aliyoitumia kutujazia sisi.

Baada ya visanduku kuanza kujaa vyenyewe ikaja harufu. Olga alishuka kuchukua viazi, akarudi akimuuliza mumewe kama ameanza tena kuvuta kiko. Chumba cha chini kilinuka tumbaku iliyozimwa na sufu iliyolowa mvua, kama kwamba mtu ametoka porini akavua koti lake papo hapo. Metro hakuvuta kiko tangu binti yao azaliwe. Halafu mkono wa mashine, ambao fundi yeyote huuacha juu, akawa anaukuta chini.

Jumapili moja, wametoka kanisani, walikuwa mezani wanakula kabichi zilizofungiwa nyama. Chini ya sakafu mashine ikaanza kazi. Chuma kikashuka polepole, kikagota, kikapanda. Kikashuka tena. Olga aliweka uma wake mezani taratibu sana.

"Metro," alinong'ona, "uko hapa na mimi?"

"Nipo, mama."

"Basi nani yuko huko chini?"

Waliketi wakisikiliza, wala haikuwa kelele ya vurugu, ilikuwa kazi ya mtu mtulivu anayejua anachofanya, anayeshusha mkono, anangoja, anaupandisha, anachukua ganda jingine, na ule utulivu wake ndio uliomtoa Olga machozi, kwa sababu mwizi ungemfokea na panya ungemtegea, lakini mtu anayefanya kazi ndani ya nyumba yako kama kwake, utamwambia nini?

Metro aliposhuka hapakuwa na mtu. Kirungu kilikuwa na joto la kiganja. Risasi moja mpya ilikuwa mdomoni mwa mashine. Alikuwa na makopo mawili ya baruti kabatini, na ufunguo haukutoka mfukoni mwake: moja la baruti ya bunduki kubwa, inayowaka polepole, na moja la baruti ya bastola, inayowaka ghafla. La bastola lilikuwa limepungua kwa upana wa vidole viwili. Akaing'oa ile risasi kichwa, akamimina kilichomo kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa baruti ya bastola, ndani ya ganda la bunduki ya kulungu. Risasi kama hiyo haiendi kwa mnyama. Bunduki yenyewe inapasuka, karibu na jicho la mwenye kuishika.

Ndipo alipokumbuka vile visanduku vilivyojaa vyenyewe. Saba alikwisha kuvigawa.

Kesho yake alimwendea Verna Stahl. Mama yule alipomwona mlangoni alijua, akamkaribisha jikoni, akasema huku ameangalia dirisha. Miaka tisa nyuma mumewe Harlan alimjazia mtoto wao wa kiume risasi za msimu. Bunduki ikampasukia kijana, akafia palepale kwenye theluji. Tangu siku hiyo Harlan hakutoka mbele ya mashine. Alijaza, akang'oa, akajaza tena, mchana na usiku, akitafuta kosa lilipoingilia, mpaka moyo wake ukasimama mkono wa mashine ukiwa chini.

"Hajui kama amekufa?" Metro aliuliza.

"Anajua, bwana Hrinko," Verna alisema. "Asilolijua ni alikosea wapi. Nisamehe. Nilidhani ni nyumba yangu tu anayoipenda, kwamba hataifuata mashine."

Wiki ile Metro alipita nyumba kwa nyumba. Nami nilirudisha changu, nikamtania kwamba uzee umemfanya mchoyo, lakini hakucheka. Alizing'oa risasi zote juu ya karatasi nyeupe. Changu kilikuwa na mbili mbaya. Kufikia Jumamosi alikuwa amekusanya visanduku sita. Cha saba kilikuwa kwa mkwe wake Pavlo, mume wa binti yao, ambaye wiki ile alikuwa mbali kikazi na kisanduku chake garini, na Ijumaa akapanda moja kwa moja kwenye kambi ya wawindaji mlimani, mahali pasipo na simu.

Padri Miron alikuja Jumamosi hiyo na maji ya baraka na chetezo. Alisoma sala akizunguka chumba cha chini, moshi ukapanda, na katikati ya sala mkono wa mashine ukaanza kushuka mbele ya macho yao watatu, padri, Metro na Olga. Ukashuka, ukapanda, bila haraka. Padri akarudia sala kwa sauti kubwa zaidi. Mkono haukuharakisha wala haukuchelewa. Hatimaye alikishusha kitabu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibika.

"Adui ningejua kumfukuza," alisema chinichini. "Huyu hanipingi, Metro. Anafanya kazi tu."

Metro akafungua kabati, akatoa lile kopo la bastola, akaliweka mbele ya mashine. "Harlan, ndugu yangu. Ni kopo. Ulichukua kopo hili ukidhani ni lile. Makopo yanafanana, hata mimi ningekosea. Hakuna kingine."

Mkono ulikuwa nusu ya njia. Ukasimama. Olga aliniapia baadaye kwamba alisikia mtu akivuta hewa ndani kwa muda mrefu, kama aliyetoka chini ya maji. Halafu mkono ukaanguka wenyewe kwa uzito wake, ngazi za mbao zikalia moja baada ya nyingine mpaka juu, mlango wa jikoni ukafunguka kwa nguvu, na ile harufu ya sufu na tumbaku ikatoka yote. Padri alipiga ishara ya msalaba, akasema roho imepata ilichokuwa inatafuta. Olga alilia kwa furaha.

Kilichobaki ni kisanduku cha Pavlo. Jumapili Metro aliondoka baada ya misa, maana kabla ya Jumatatu hakuna anayefyatua, lakini theluji ilianza saa sita mchana, nzito, na maili tano kabla ya kambi gari lilizama hadi milangoni. Alisukuma, akachimba kwa mikono, akapiga honi mpaka betri ikafa. Mwenye shamba jirani alimpa pa kulala, akamwambia hakuna anayepanda mlima ule kabla ya asubuhi. Asubuhi Metro alipanda kwa miguu. Alipofika kambini jiko lilikuwa bado la moto, vikombe vya kahawa mezani, na wanaume wote wamekwisha kuingia msituni.

Hakujua wako upande gani, na kuingia kichwa kichwa katika msitu wenye bunduki mia ni kujitafutia kifo, kwa hiyo alisimama barazani akiita jina la mkwewe, theluji ikilimeza, na milio ikaanza, mmoja bondeni, miwili mbali, mmoja karibu, na kwa kila mlio alishika nguzo na kungoja mwangwi wake, kwa maana risasi njema ina mwangwi, inakwenda mlimani na kurudi, na kila mwangwi uliporudi alimshukuru Mungu, na kabla hajamaliza kushukuru ulikuja mlio mwingine, na hapakuwa na kitu chochote duniani ambacho mikono yake ile ya fundi ingeweza kufanya. Saa tatu kasorobo ulikuja mlio mfupi, butu. Haukuwa na mwangwi.

Pavlo hakufa. Alipoteza jicho la kulia na vidole vitatu. Siku ya nne hospitali iliruhusu wakwe zake kuingia, na Metro alipiga magoti kando ya kitanda. Pavlo alimwambia, kwa sauti iliyolegezwa na dawa, kwamba baba asijilaumu. Alikuwa amemlenga dume mkubwa, akaona mzee mmoja anakimbia kutoka kati ya miti, koti la sufu limelowa, mikono anaipunga, mdomo umefunguka wazi kama anapiga kelele lakini hakuna sauti. Alikuwa anakuja moja kwa moja mbele ya mtutu. Pavlo alishtuka, akaipindua bunduki pembeni asimpige, na katika kule kushtuka kidole kikavuta.

"Alinipigia magoti pale pale," Pavlo alisema. "Akaninyanyua mkono, akautazama. Analia tu."

Olga alimfuta jasho, akamwambia alale, yamekwisha, mzee yule amekwenda zake.

Pavlo aligeuza jicho lake moja kwake, kisha kwenye upande wa pili wa kitanda, ambako hapakuwa na kiti wala mtu.

"Mama, hajakwenda," alisema. Akaivuta miguu yake chini ya blanketi, polepole kwa sababu ya maumivu, kama mtu anayempisha mgeni, na godoro mahali pale likabonyea.